Wapisheni Watu wa Msiba

"Fungua vizuri, Bi Kidawa, labda yako nyuma huko," alisema Bi Bashira, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuona kwamba nyuma huko hakuna kitu.

Bi Kidawa aliusukuma mlango wa stoo ya uani mpaka ukagonga ukuta. Mlikuwa na jamvi moja lililochanika na miiko miwili. Masufuria makubwa ya mtaa, yale ya kupikia pilau ya arusi na ya hitma, hayakuwamo. Masinia hayakuwamo. Majamvi mapya nayo yamekwenda. Na kufuli lilikuwa zima, kalifungua mwenyewe sasa hivi kwa ufunguo unaoning'inia msumarini jikoni kwake.

Lazima niyaeleze masufuria haya, maana wageni hudhani ni vyombo tu. Mtaa wa Mkorosho Mmoja, huku Unguja nyuma ya uwanja wa mpira wa Amani, si mtaa wa matajiri, lakini masufuria ulikuwa nayo. Yalinunuliwa kwa michango ya wanawake zamani, yakawekwa amana kwa Bi Biasha, na Bi Biasha alipochoka ufunguo akampa mkaza mwanawe, Bi Kidawa. Mwenye arusi huja na mazungumzo yake na soda yake. Mwenye msiba haji na mazungumzo. Husema "tuna msiba," mwenye ufunguo hujibu "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," na mlango hufunguliwa. Kumuuliza mtu aliyefiwa kafa nani na kwa nini kabla hujampa sufuria, hiyo ni aibu ambayo watu wataisema mpaka wajukuu wako waisikie.

"Basi nani kayachukua?" aliuliza Bi Bashira.

"Sijui, dada. Wallahi sijui."

"Na kufuli zima."

"Zima."

"Na ufunguo uko kwako."

"Uko kwangu."

Bi Bashira alijifunika mtandio wake vizuri ingawa haukuwa umeanguka. "Haya. Mungu atasaidia," alisema, akatoka. Hitma ya marehemu mumewe ilikuwa kesho yake, na angelazimika kwenda kuazima masufuria mtaa wa pili na kueleza huko kwa nini. Bi Kidawa alibaki kasimama mbele ya stoo tupu, na machozi yakamjia kwa hasira kabla hayajamjia kwa huzuni.

Kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari, na kila aliyeipata aliiongezea chumvi.

Barazani kwa Mansour, mwenye duka, ndiko habari zote za mtaa huu hupikwa. Siku hiyo alikuwapo Haitham, mkuu wa vijana wa ulinzi shirikishi, na sare yake ya buluu iliyopigwa pasi. Sare ile ilikuwa michango ya watu. Kila nyumba ilikuwa ikitoa fedha ya ulinzi kila mwezi, na fedha hiyo ilizaa sare, tochi, firimbi, na buti ambazo Haitham alizivaa hata akienda kununua mkate.

"Mwizi gani anaiba halafu anafunga kufuli?" alisema Mansour. "Huyo ni wa ndani."

"Wa ndani ni nani, yakhe?" aliuliza mzee mmoja. "Shaame, mumewe Kidawa, ni seremala, kila siku kutwa yuko karakana. Mkewe hawezi kulibeba hata moja la yale."

"Mie sikutaja mtu." Mansour alipangusa mizani yake isiyokuwa na vumbi. "Nauliza tu. Tangu lini yule mtoto wao Mudrik anavaa kofia?"

Ehee. Watu walitazamana. Ni kweli, Mudrik kijana wa Shaame alikuwa na nywele zake za kisasa, ndefu juu, amezitunza mpaka baba yake akakaribia kuugua kwa hasira. Sasa kwa siku kadhaa alikuwa haonekani ila na kofia ya viua, asubuhi na jioni, utadhani kateuliwa kuwa imamu. Na hana kazi. Haitham alikuwa akiangalia buti zake. Hakusema kitu, nanyi likumbukeni hilo.

"Hapa dawa ni halbadiri," Mansour aliamua. "Fedha ya ulinzi iliyobaki tumpe sheikh, isomwe. Aliyechukua atajulikana kwa tumbo lake kuvimba. Polisi watatuandikisha maelezo tu tukazeeke nayo."

Asiyeijua halbadiri na ajue kwamba kwetu ni jambo la kutisha. Ni dua wanayosomewa wezi wasiojulikana, na watu wana visa vyao, fulani alipata wazimu, fulani alikauka mkono. Imamu wa mtaa hakuipenda kabisa. Alisema dua si rungu. Lakini watu walioibiwa hawataki darsa. Sheha Mwalim, mkubwa wa shehia, aliona mambo yanamponyoka, akatangaza mkutano Jumamosi baada ya alasiri. Ilitokea vizuri, alisema, maana polisi nao walikuwa wameomba maoni ya wananchi kuhusu ulinzi na matumizi ya michango. Kila mtu aje aseme lake. Na aliyechukua masufuria ayarudishe kabla ya hapo, la sivyo mtaa utaamua.

Nyumbani kwa Shaame chai ilipoa vikombeni.

Bi Kidawa huuza vitumbua kila asubuhi kwenye baraza yake. Asubuhi iliyofuata watoto waliotumwa vitumbua walipita mbele yake macho chini, wakaenda kununua mkate dukani. Mmoja alimwamkia "Shikamoo" mbiombio kama anayedaiwa. Alirudi ndani na beseni karibu limejaa, akaliweka mezani mbele ya mumewe.

"Kuleni nyinyi basi," alisema.

Shaame hakugusa. Alikuwa mtu wa maneno machache na makali. "Nimemuuliza Mudrik. Anasema hakuchukua."

"Unamwamini?"

"Zamani nilikuwa namwamini."

Bi Kidawa alikwenda chumbani, akarudi na bangili yake ya dhahabu, ile ya arusi, iliyosalimika na njaa zote za nyumba ile. "Nnakwenda kuiuza. Ntanunua masufuria, nitayarudisha stoo kabla ya Jumamosi. Hapatasomwa kitu."

"Ukifanya hivyo umeshawaambia watu mwanao mwizi."

"Na wakisoma? Kama ni yeye? Shaame, huyu ni mwanangu. Akivimba tumbo mie ndiye nitakayemtazama."

Shaame naye alikuwa anaogopa, lakini mwanamume wa Kitumbatu aliyelelewa kama yeye akiogopa hununa. Alisema tu, "Usimwambie mama. Presha yake." Mama yake, Bi Biasha, alikuwa kijijini Paje kwa binti yake kwa siku kadhaa sasa, na wote walikubaliana asipigiwe simu juu ya jambo hili mpaka limalizike.

Jioni Bi Kidawa alimkuta Mudrik uani, anakoroga chokaa apake ukuta wa stoo bila ya kutumwa. Hilo nalo lilimtia wasiwasi. Kijana asiyetumwa kazi akaifanya, mama yake huwaza mengi.

"Nitazame," alimwambia.

"Nakutazama, mama."

"Umechukua masufuria?"

"Sikuchukua."

"Ivue basi hiyo kofia, nikuone uso wako vizuri."

Mudrik aliishika kofia kwa mikono miwili kama kuna upepo. "Mama, niulize kingine chochote."

Bi Kidawa alitaka kumzaba kibao, na alitaka kumkumbatia, na hakufanya lolote kati ya hayo. Alirudi jikoni akaifunga bangili kwenye pindo la kanga. Usiku ule aliomba dua moja tu, ndefu, na hatutaisema hapa kwa sababu ni yake.

Jumamosi uwanja wa madrasa ulijaa. Wanaume mbele, wanawake upande wa ukutani, kama kawaida, ila safari hii wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume na hawakuja kunyamaza. Bi Biasha alikuwa amerudi kutoka Paje mchana ule ule, na kwa kuwa hapakuwa na wa kubaki naye nyumbani, Shaame alimleta, akamkalisha kitini na mkoba wake mapajani. Aliambiwa ni mkutano wa serikali. Akasema serikali nayo haichoki.

Bi Rukaiya, askari polisi wa shehia, alisimama. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti. "Mie sikuja kusema. Nimekuja kusikiliza. Mnataka ulinzi wa namna gani, na fedha yenu iende wapi?"

Haitham alitangulia. Alitaka pikipiki. Alitaka sare za pili. Alisema tatizo kubwa la mtaa ni vijana wanaokaa mabarazani na nywele za ajabu, mbele ya barabara wanayopita wageni wa uwanjani, na kwamba kikosi chake kimefanya kazi kubwa kuwarekebisha.

"Wamekuibia nini hao vijana?" aliuliza Bi Bashira kutoka ukutani.

"Si kuiba, Bi Bashira. Ni sura ya mtaa."

"Sura! Uchochoro wa kwangu hauna hata taa moja. Binti yangu kanyang'anywa mkoba mara mbili na watu wa vespa, na tochi zenu ziko barabarani zinamulika nywele za watoto!"

Wanawake walipiga vigelegele vya kejeli. Sheha Mwalim aliinua mkono. Mansour naye akainuka, akasema lake: taa nzuri, pikipiki nzuri, lakini kwanza masufuria. Fedha iende kwa sheikh, halbadiri isomwe wiki hii hii, na wenye hofu wanajijua. Aliposema hivyo hakumtazama mtu, lakini wote waliobaki walitazama upande mmoja.

Mudrik alikuwa kasimama nyuma kabisa, na kofia yake.

Bi Kidawa aliinuka. Ndani ya buibui alilishika pindo la kanga lenye bangili, ambayo ilikuwa bado haijauzwa. Alikuwa ameandaa maneno mengine kabisa. Alikuwa aseme atalipa. Lakini alipoziona zile shingo zote zimegeuka, kitu kilikataa rohoni mwake.

"Isomwe," alisema.

Shaame alifunika uso.

"Isomwe, na isomwe kwangu, uani, mbele ya mlango wa stoo. Mwanangu Mudrik atakaa mbele kabisa, na mie nitakaa ubavuni mwake. Kama kuna la kumpata linipate na mie. Kasema hakuchukua, nami ni mama yake, nimemwamini."

Hakuwa na hakika hata kidogo. Aliamua tu kumwamini, mbele ya watu, kwa sababu hapakuwa na mwengine wa kufanya hivyo. Kule nyuma Mudrik aliinamisha kichwa.

"Isomwe nini?" aliuliza Bi Biasha kwa sauti. "Kidawa, isomwe nini? Nani kaibiwa?"

"Nyamaza kidogo, mama," Shaame alimnong'oneza.

"Usininyamazishe, mie si mtoto. Kaibiwa nani?"

Hapakuwa na njia. Sheha Mwalim alimweleza kwa upole, kwamba masufuria ya mtaa yamepotea stoo na hajulikani mwizi. Bi Biasha alimsikiliza mpaka mwisho, akageuza macho kwa mkaza mwanawe.

"Hayajarudi tu? Mie niliwapa watu wa msiba."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Watu gani, mama?" aliuliza Bi Rukaiya.

"Watu wa msiba, nimesema. Ile siku ya mpira, magharibi imeshaswaliwa. Wewe Kidawa ulikuwa umekwenda kumtazama mzazi na kichanga chake. Kaja mtu mwembamba na mkokoteni, kilemba kichwani, kasema tuna msiba. Nikasema Inna lillahi. Nikampa ufunguo, akapakia, akafunga, akaniletea ufunguo, akasema ahsante mama. Alfajiri nikachukuliwa kwenda Paje. Kwani nini cha kueleza hapo? Masufuria yanakwenda msibani, yanarudi."

"Hukumuuliza kafiwa na nani?" Mansour alisema.

Bi Biasha alimkazia macho. "Wewe mkeo alipofariki, mie nilikuuliza?"

Mansour alikaa chini. Wala hapakuwa na mwengine aliyethubutu kumlaumu bibi yule, maana hapakuwa na mtu uwanjani pale ambaye asingefanya vivyo hivyo. Mwizi hakuvunja kufuli. Aliwaingilia kwa adabu yao wenyewe.

"Bibi." Ilikuwa sauti ya Mudrik, kutoka nyuma. "Huo mkokoteni ulikuwa unalia gurudumu? Na juu kafunika majamvi?"

"Unalia kama bata. Umejuaje?"

"Niliuona. Nilikuwa barabarani." Alisita. Alimtazama mama yake aliyekuwa bado amesimama, akaivua kofia.

Lo! Kichwa kile kilikuwa kama shamba lililopaliliwa na mlevi. Huku pamekwanguliwa mpaka ngozi, huku kumebaki vishungi, na juu ya sikio palikuwa na jeraha la mkasi lililoanza kupona. Bi Kidawa aliziba mdomo kwa mkono.

"Tulikuwa barazani, tunasubiri isha tukaswali," Mudrik alisema. "Wakaja vijana wa ulinzi, kikosi kizima. Wakatuchuchumaza kandokando ya barabara, wakatunyoa, na watu wanatoka uwanjani wanatupiga picha. Mimi nikiwa chini pale, mkasi uko kichwani, ukapita mkokoteni. Haitham akapuliza firimbi, akasimamisha magari. Akasema, wapisheni watu wa msiba. Hata mkono kaweka kifuani. Yule mtu akamwambia ahsante."

Kicheko kilianza upande wa wanawake, kikakatika chenyewe. Haitham alikuwa ameziinamia tena buti zake. Walinzi wote wa mtaa, tochi zote, firimbi zote zilizonunuliwa kwa michango, zilikuwa pale, na masufuria ya mtaa yalipita katikati yao kwa heshima zote.

"Kwa nini hukusema?" Shaame aliuliza.

"Baba, wewe ndiye uliyesema siku nitakayonyolewa barabarani utawapa mkono."

Ni kweli Shaame alisema hivyo, kwa hasira, siku fulani juu ya chai, kama wazazi wasemavyo. Hakujua kwamba mtoto alikuwa amelihifadhi neno lile akalibeba chini ya kofia. Alipita katikati ya watu mpaka nyuma, akasimama karibu na mwanawe, akamwekea mkono begani. Hilo ndilo alilojua kufanya, akalifanya mbele ya mtaa mzima.

"Na yule mtu unamjua?" Bi Rukaiya aliuliza.

"Namjua kwa sura. Ananunua vyuma chakavu, ana kibanda nyuma ya ukuta wa magogo. Sikujua kama ni masufuria yetu, yalikuwa yamefunikwa. Nilidhani msiba."

"Wote mlidhani msiba," alisema Bi Rukaiya, akamtazama Haitham, na hakuongeza. Alimwita askari mwenzake, wakatoka. Ajabu ni kwamba kibanda kile kilikuwa karibu kiasi hicho, na hapakuwa na mtu aliyewahi kukagua kinauziwa nini.

Hawakusubiri sana. Bi Rukaiya alirudi kabla ya magharibi, na nyuma yake mkokoteni ulikuwa ukilia kama bata, ukisukumwa na askari; mwenyewe alikuwa ameshapelekwa kituoni. Masinia yalikuwamo. Majamvi yalikuwamo. Masufuria yalikuwamo yote, mazima ila moja kubwa lililokuwa limeshapondwa kwa nyundo, tayari kuyeyushwa. Watu walilipokea lile lililopondwa kana kwamba kuna mtu kaumia. Bi Biasha alilipapasa, akasema litanyooka.

Sasa mkutano ulianza kweli. Bi Rukaiya aliuliza tena lile swali lake la kwanza, na safari hii hapakuwa na aliyezungumza sura ya mtaa. Taa kwanza, uchochoroni kwa Bi Bashira na kila penye giza. Walinzi wapite vichochoroni, si barabarani. Vibanda vya vyuma chakavu vikaguliwe. Kamati ya michango iingie wanawake, nusu kwa nusu. Na mkasi, alisema Bi Kidawa, mkasi urudi kwa vinyozi.

"Na hiyo halbadiri?" mtu mmoja alichokoza.

Imamu alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Tusome dua ya shukrani. Hiyo ni ya bure."

Haitham alisimama mwisho kabisa. Alisema kikosi kimekosea. Alisema kwa sauti ndogo, akaambiwa hakusikika, akasema tena. Mudrik aliitikia kwa kichwa tu, hakutabasamu, na hapakuwa na aliyemlazimisha.

Nywele zilianza kuota sawa. Taa zilifungwa, si zote, maana fedha haikutosha, lakini uchochoro wa Bi Bashira ukawaka, na vitumbua vya Bi Kidawa vikawa vinakwisha mapema kama zamani. Waliompita macho chini sasa walinunua na kuomba wafungiwe vya ziada. Alivifunga. Hakusahau, lakini alivifunga.

Halafu asubuhi moja mlango uligongwa. Bi Kidawa alifungua akamkuta Haitham, hana sare, hana buti, kavaa kanzu iliyokunjamana na macho yamevimba.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba."

Alimeza mate. Ilionekana alikuwa ameuzunguka mtaa kabla ya kuja, akitafuta mtu wa kumtuma, akakosa. "Tuna msiba," alisema.

Nasikia wapo waliosema baadaye kwamba yeye Bi Kidawa angekuwa na haki ya kumsimamisha pale kidogo. Angeweza kuuliza msiba wa nani, upo wapi, nani shahidi. Mtaa wenyewe ulikuwa umezungumza kuweka utaratibu wa kuuliza. Bi Kidawa alimtazama yule mtu aliyemnyoa mwanawe, akaona ni mtoto wa mtu tu, aliyefiwa.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema, akaingia jikoni akarudi na ufunguo. "Mudrik!"

"Naam, mama!"

"Kuna msiba kwa kina Haitham. Nenda nao, ukasukume mkokoteni. Ukae huko mpaka wamalize, urudi na vyombo."

Huo ndio ukawa utaratibu, na ndio uliopo mpaka leo: mwenye msiba haulizwi kitu, ila masufuria hayatoki peke yake. Mudrik alitoka na jembe la kuchimbia kaburi begani, akafungua stoo. Alipakia na Haitham kwenye mkokoteni uliokuwa nje, bila ya kusemeshana, sufuria lililonyooshwa likiwa juu, na mabonde yake. Kwenye baraza ya barabarani vijana walikuwa wamekaa, nywele zao vichwani. Walipouona mkokoteni waliinuka mmoja mmoja, wakashika ubao wa nyuma, wakasukuma.

Ndani Bi Biasha alisikia vishindo vya vyombo. "Kidawa! Nani hao wanachukua masufuria?"

Bi Kidawa alikuwa bado mlangoni, anautazama mkokoteni mpaka ukakata kona.

"Wenyewe, mama," alijibu. "Wamechukua wenyewe."